Gari la Dismasi

Gurudumu la mbele la kushoto lilikataa kushuka. Lilikuwa limeshavuka ukingo wa jiwe na sasa lilining'inia hewani, likizunguka taratibu bila kukamata kitu, na Winfrida, aliyesimama hatua nne chini yake akiwa na rimoti mikononi, alisubiri lijilaze juu ya jiwe kama lilivyokuwa likijilaza kila jioni ya mazoezi. Halikujilaza. Alilirudisha gari nyuma upana wa kidole, akasubiri tena.

"Dakika ya nne!" Bariki alitangaza kwenye kipaza sauti. "Gari la Dismasi, mlango wa tatu!"

Watu kama arobaini walikuwa wamekaa juu ya mawe ya ufuko wa Katonga, Kigoma, wamejikunyata ndani ya majaketi na vitenge kwa baridi ya Juni. Kilima kilikuwa kimewakinga na jua. Ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo ilikuwa imeshapata mwanga, lakini upande huu ulikuwa bado kivuli kitupu. Walilitazama gari. Urefu wake ulikuwa kama mkono, toka kiwiko hadi ncha za vidole, na halikuwa na haraka, maana magari ya aina ile hayashindani mbio. Yanashindana kupanda. Vijiti viwili vilivyopakwa rangi na kusimikwa kwenye nyufa za mawe ndio mlango, gari lipite katikati bila kuvigusa, kisha mlango unaofuata, na unaofuata, hadi wa nane ulioko juu kabisa ya jiwe kubwa. Mkono wa mtu hauruhusiwi kuligusa. Mwenda pole hajikwai, husema wenye mchezo huu, na wakikosa la kusema hulisema tena.

Winfrida alibonyeza. Gari lilijikaza mgongo kama ubao, likainua na gurudumu la pili, likasimama wima juu ya magurudumu ya nyuma. Kwa kitambo kidogo ilionekana kama linafikiria. Kisha likaanguka chali, likabiringika mara mbili na kutua mchangani, magurudumu juu.

Hakuna aliyecheka. Siku nyingine wangecheka, maana kuanguka chali ndiyo raha ya watazamaji. Lakini wote walijua gari lile ni la nani, na kwamba mwenyewe alikuwa na miezi mitatu makaburini Gungu.

Bariki alikishusha kipaza sauti akateremka. Alikuwa rafiki wa Dismasi tangu shule ya msingi, na ndiye aliyekuwa akiendesha mashindano haya tangu yaanze. "Pole, dada Wini," alisema. "Hilo ni jaribio la kwanza tu. La pili nitakuweka wa mwisho kabisa."

"Jua linafika hapa saa ngapi? Mikono yangu imekufa ganzi."

"Saa nne. Lakini sisi tunafunga saa tatu, tulishakubaliana." Alitazama pembeni. Mwaka jana walishindana alasiri, mota mbili zikaungua kwa joto la mawe, na ni yeye Bariki aliyetoa hoja kwamba safari hii waanze saa moja asubuhi. Dismasi mwenyewe aliinua mkono kuunga hoja hiyo.

Winfrida aliliokota gari, akalipuliza mchanga kwa mdomo. Alikuwa amejiambia tangu alfajiri, tangu alipolibonyeza gari pale uani na kuliona zito: ni mimi, si gari. Ni huzuni yangu imeingia mikononi.

Dismasi alikuwa fundi wa madishi na antena pale Mwanga, na Winfrida, dada yake anayemfuata, alikuwa na cherehani yake kwenye kibaraza cha mtaa huohuo. Gari lilijengwa miezi mitano kwenye korido ya nyumba ya mama yao. Mota Dismasi aliitoa kwenye drili mbovu, ekseli kwenye mashine ya kuchapia iliyotupwa, fremu na shokapu kwenye mabomba ya antena za zamani. Matairi yalikatwa kwenye mpira wa bodaboda, yakajazwa sponji ya godoro, godoro la mama, ambalo mpaka leo kona moja imebonyea. Ndani ya magurudumu ya mbele alizungushia vipande vya risasi alivyoomba kwa wavuvi wa Kibirizi, vile vinavyozamisha nyavu, ili uzito ukae chini na mbele, gari lisipende kuinua pua. Majirani walimwona mtu mzima wa miaka thelathini na sita amelala kifudifudi koridoni akipima risasi kwenye mizani ya mama ya dagaa, wakasema kazi mbaya si mchezo mwema. Yeye alicheka, akaongeza risasi.

Kuendesha hakuweza. Vidole vyake vilikuwa na papara. "Mkono wako umetulizwa na cherehani," alimwambia dada yake, na tangu mwaka wa kwanza ikawa hivyo, kaka anajenga, dada anaendesha. Lakini kinachotangazwa kwenye kipaza sauti ni jina la fundi. Magari mawili ya Dismasi yalishapanda mawe ya Katonga kwa vidole vya Winfrida, ingawa hayakufika juu kabisa, na ufuko mzima ukashangilia Disi, Disi. Mwezi wa pili mwaka huu, wakiwa wanarudi nyumbani, Winfrida alimwambia: "Ipo siku na mimi wataniita." Dismasi akajibu, "Jenga lako." Alisema kwa utani, kama alivyosema kila kitu. Winfrida alinuna mpaka kesho yake.

Wiki tatu baadaye, baada ya mvua kubwa, Dismasi alikuwa juu ya bati la nyumba moja akigeuza dishi. Mguu ukateleza. Hakufika hospitali.

Tangu siku hiyo Winfrida hakuwa amefungua nati hata moja ya gari lile. Betri alichaji, vumbi alipangusa, basi. Kulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa sheria, na aliyeitunga ni Dismasi mwenyewe, baada ya mtu mmoja kuja na gari lililojengwa na mwingine akajipiga kifua. Alisimama akasema kwa hasira kwamba jina lifuate mkono: aliyelifungua gari mwisho ndiye fundi wake. Wakapiga kura, ikapita. Gari lililofunguliwa na Winfrida lingekuwa gari la Winfrida.

Sababu ya pili hakumwambia mtu. Ndani ya gari kila kitu kilikuwa kama kaka yake alivyokiacha. Kila nati ilikuwa imekazwa na mkono wake, kadiri alivyotaka yeye. Duniani hapakuwa tena na kitu kingine alichokimaliza na kukifunga ambacho hakijaguswa, na Winfrida alikipenda kitu hicho kwa wivu, kama mtu anayekataa kufua shati la marehemu.

Mama yao, Verediana, alikuwa amekaa juu ya gunia lililokunjwa, miguu imenyooka. Hakuwa na desturi ya kuja. Alikuja kwa sababu aliambiwa kwamba gari likipita milango yote minane, jina la fundi linaandikwa kwa rangi ya mafuta ubavuni mwa jiwe kubwa, pale yalipo majina mawili tu kwa miaka minne. Msalaba wa mbao kule Gungu ulikuwa umeshaliwa na mvua za Aprili, herufi tatu za mwanzo zimeondoka. Alitaka kuliona jina la mwanawe mahali ambapo mvua haiwezi kitu. Hakuwa na jingine.

"Nipe nilione," alisema.

Winfrida alimpa. Mama alilipakata, akalibonyeza kwa viganja vyote viwili kama anavyobonyeza unga uliokandwa. Alikunja uso. Akabonyeza tena, mbele, kisha nyuma.

"Ndani ya hivi vichuma kuna nini?"

"Hizo ndizo shokapu, mama. Zina mafuta ndani, ili gari lisirukeruke."

"Mafuta gani?"

"Ya dukani mpaka uagize Dar. Yeye alitia mawese."

"Mawese yangu?"

"Yako, mama."

Mama alikuwa ameuza mawese soko la Mwanga kwa miaka ishirini na minane, na mikono yake ilijua hali ya mafuta hata kupitia ukuta wa debe. Alibonyeza shokapu moja kwa kidole gumba, akaiachia, akaitazama inavyopanda kwa uzito.

"Yameganda," alisema.

Kisha akaliinamia gari na kusema nalo, kwa sauti ya kugomba iliyokosa nguvu katikati: "Mtoto wa muuza mawese! Disi wee, hukuniuliza?"

Winfrida alikaa chini kwenye jiwe. Hakuna mtoto wa Kigoma asiyejua kwamba kipupwe kikiingia chupa ya mawese haimiminiki asubuhi, mpaka uianike juani au uitie kwenye maji moto. Dismasi ndiye aliyekuwa akizitoa chupa za mama juani toka ana miaka saba. Lakini gari alilimaliza mwezi wa tatu, kwenye joto, na kila alipolijaribu ilikuwa saa tisa alasiri, mawe yakiwa yanachoma nyayo. Lilipanda vizuri mno, akatembea mtaa mzima akihadithia. Hakuishi kuonana na Juni. Naye Winfrida alifanya mazoezi baada ya kufunga cherehani, jioni, jiwe likiwa bado na joto la mchana. Mafundi wawili wa nyumba moja, na dawa ya ugonjwa wao iko jikoni kwa mama.

Kwanza aliona nafuu. Si mikono yangu, alijiambia, haikuwa mikono yangu. Halafu akaelewa maana yake, nafuu ikaisha. Dawa ya mafuta yaliyoganda ni kuyamwaga na kutia mengine.

Swaibu wa Ujiji alikuwa anapita na gari lake kwapani. Alikuwa na gari la kununuliwa, lakini alilibomoa lote na kulijenga upya, na jina lake lilikuwa mojawapo ya yale mawili juu ya jiwe.

"Shikamoo, Mama Dismasi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimesikia." Alichuchumaa. "Dada, mimi nina mafuta yenyewe, hayagandi. Unafungua, unamwaga, unatia, robo saa tu umemaliza..." Hapo akaikumbuka sheria, akauma mdomo. "Nisameheni."

"Hafungui mtu," alisema mama.

Alilegeza kitenge, akaliingiza gari kifuani, pua ikielekea juu, akakifunga tena kwa mkazo. Mikono miwili akaishusha chini, akazifumbata shokapu za nyuma. Kisha akamwita Bariki. "Baba, kupasha ni kufungua?"

Bariki alifikiria, ingawa hapakuwa na cha kufikiria. "Hapana, Mama Dismasi. Kupasha ni kupasha tu."

Akakaa hivyo karibu saa nzima. Magari ya wengine yalipanda na kuanguka. Moja lilikata waya wa usukani mlango wa pili. La Swaibu lilifika wa saba, likakwama katikati ya nyufa mbili mpaka muda ukaisha. Mpaka wakati huo hakuna aliyekuwa amefika juu, na kopo la rangi lilikuwa limekaa chini ya jiwe na brashi yake kavu.

"Likipita wanaandika leo leo?" aliuliza mama.

"Leo leo. Rangi si ile pale."

"Waandike kwa herufi kubwa."

Winfrida aliitazama midomo ya mama yake, iliyokuwa imeanza kubadilika rangi kwa baridi. Chuma kilikuwa kinamnyonya joto kifuani. Alitaka kumwambia atoe, apumzike, lakini likamtoka jingine.

"Mama, mimi nilimwambia ninataka na mimi niitwe. Nikamnunia. Zilikuwa zimebaki wiki tatu."

"Najua. Aliniambia."

"Alisemaje?"

"Alicheka. Akasema, Wini anaendesha kunizidi mimi ninavyojenga, ila simwambii, atavimba kichwa." Mama aliliweka gari sawa kifuani. "Nilidhani alishakwambia."

Winfrida aligeukia ziwani. Alilia bila kujificha, maana pale hapakuwa na mtu wa kumficha, na alilia kwa uchungu uleule wa kununa, wa mtoto aliyenyimwa kitu ambacho kumbe kilikuwa chake.

"Gari la mwisho!" kipaza sauti kikasema. "Jaribio la pili! Gari la Dismasi!"

Lilitoka kifuani mwa mama lina joto la mtu. Winfrida aliliweka kwenye mstari, na toka gurudumu la kwanza lilipogusa jiwe alijua. Hili ndilo. Mbele lilizama, likainuka, likajikunja kushoto wakati nyuma inajikunja kulia, kila gurudumu likitafuta mahali pake. Mlango wa kwanza. Wa pili. Kwenye wa tatu gurudumu la kushoto lilivuka ukingo, likaning'inia, kisha likashuka lenyewe polepole, likajilaza.

Watu walisimama. "Disi!" mmoja akapiga kelele, na wengine wakadakia, "Disi! Disi!" Mama alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Winfrida hakuona kitu isipokuwa jiwe. Mlango wa nne ulikuwa wa kupita ubavu, gari limelala upande, na risasi za Kibirizi zikalishikilia. Wa tano, ngazi mbili za kukwea, akapanda ya kwanza, akapumua, akapanda ya pili.

Mlango wa sita ulikuwa kwenye ufa. Gari lilipaswa kuutumbukiza mguu wa nyuma wa kulia ndani ya ufa huku mbele kukiwa kumeshapanda, na juu kule, nje ya kinga ya mawe, upepo wa ziwa ulikuwa unapiga moja kwa moja. Mbele palipanda. Nyuma hapakuzama. Gurudumu la nyuma lilibaki juu ya ufa, limekakamaa. Alijaribu mara ya pili, gari likatikisika lote na kuanza kuinama upande wa nje, ambako chini yake kulikuwa na kimo cha mtu na mawe makali.

Aliachia kidole.

"Nasimama," alisema. Akarudia kwa sauti. "Nasimama!"

Kila gari lina ruhusa ya kusimama mara moja kwa ajili ya matengenezo. Bariki alitazama saa. "Dakika tano! Anaweza kulishika."

Alipanda akalichukua. Alipogeuka mama alikuwa ameshafika, amekwea mawe peke yake na miguu yake ya uzee, ndala mkononi. Aligusa shokapu za mbele kwanza. Zilikuwa bado laini, zilikaa karibu na moyo wake. Akagusa za nyuma, ambazo zilikuwa na viganja tu. Akatikisa kichwa.

"Nizipashe tena?"

"Dakika tano hazitoshi, mama. Na hata zikitosha, upepo ni uleule."

Mama aliondoa mikono yake kwenye gari.

"Basi, tuache," alisema Winfrida. Aliongea haraka, kabla hajabadili nia. "Mlango wa tano si haba. Wataandika kwenye daftari, Dismasi, mlango wa tano. Jina lake linabaki. Gari tunalirudisha nyumbani kama lilivyo, halijaguswa."

Mama aliutazama ubavu wa jiwe kubwa, yalipokuwa majina mawili na nafasi tupu chini yake, akaitazama nafasi ile kwa muda kama mtu anayeagana na nyumba. Winfrida aliliona hilo, na alijua mama anaacha nini.

"Yeye alilijenga lifike wapi?"

"Juu."

"Fungua, mwana wanje."

Alimwita mwanangu kwa Kiha, na kwa Kiha wao husemeshana mambo ya ndani tu, ya msiba na ya uzazi. Winfrida alipiga goti. Alifungua mkoba, akatoa bisibisi, akatoa na kichupa cha mafuta ya cherehani. Swaibu alikuwa amekuja na mafuta yake mkononi bila kuambiwa. "Chukua haya, dada," alisema. "Ahsante, kaka, ninayo," alimjibu, na Swaibu akarudi nyuma hatua moja, akabaki akishika nati alizopewa.

Kifuniko cha shokapu ya kwanza kiligoma. Dismasi alikuwa amekikaza kama alivyokaza kila kitu, kupita kiasi. Winfrida aliweka nguvu ya bega, na kikaachia kwa mlio mdogo, na mlio huo ulimpita mwilini. Kwisha. Kimefunguka. Kwenye mizingo ya kukazia kifuniko, kuzuia mafuta yasivuje, kulikuwa kumezungushwa uzi. Aliusogeza karibu na macho. Ulikuwa uzi wake, wa bluu bahari, lile bunda alilolitafuta kibarazani mwezi wa pili wote, akamgombeza binti wa jirani bure. Dismasi aliapa kwamba hajauona.

"Mwizi," alisema Winfrida.

"Usimwage chini," alisema mama. Alikuwa amekinga kiganja.

Mawese hayakumiminika. Yalitoka kwa kusukumwa, rangi ya chungwa, mazito, yakadondoka kiganjani kidogo kidogo. Ya shokapu ya pili yalifuata. Winfrida alipangusa ndani kwa kitambaa, akatia mafuta ya cherehani, maji maji yasiyo na rangi, mepesi kuliko ambayo kaka yake angeyakubali. Gari sasa litarukaruka zaidi kwa nyuma. Italazimu aliendeshe kwa namna nyingine, akizuia pumzi, na namna hiyo hakuna wa kumwonyesha. Uzi aliurudisha palepale, akafunga. Za mbele hakuzigusa.

Alipoinua uso, mama alikuwa amesimama na kiganja kilichojaa, hajui pa kuyapeleka. Hapakuwa na chupa, hapakuwa na jani. Kisha akavikutanisha viganja viwili. Mawese yaliyeyuka mara moja kwa joto la mikono, yakawa mekundu, naye akaanza kujipaka, taratibu, viganjani, kwenye vifundo, juu hadi viwiko, akirudi kila mahali mara mbili, kama alivyokuwa akiwapaka wanawe baada ya kuwaogesha. Alijipaka mpaka yakaisha.

"Dakika moja," Bariki alisema. Alikuwa ameshapanda mpaka pale walipo, kipaza sauti kikining'inia mkononi, na hakukitumia. "Dada Wini. Sheria unaijua."

"Naijua."

"Nikirudi pale chini ni lazima nitangaze. Nitangaze gari la nani?"

Winfrida alifungua mdomo. Neno alilolitaka tangu mwezi wa pili lilikuwa pale, na sasa hakuna kitu duniani ambacho hakukitaka kama hicho. Alitikisa kichwa.

"Ita Winfrida," alisema mama. Mikono yake ilikuwa inang'aa. "Dismasi hawezi kuitika."

Bariki aliitikia kwa kichwa. Alishuka polepole, akashika nafasi yake, akainua saa kwa mkono mmoja na kwa mwingine akaleta kipaza sauti mdomoni. Winfrida aliliweka gari mbele ya ufa, akarudi nyuma hatua nne, akafuta macho kwa bega maana vidole vilikuwa na mafuta. Muda ulianza kuhesabika. Watu wote walikuwa wamemgeukia Bariki, wakisubiri jina, na kipaza sauti kilikuwa kimeshawashwa, kinavuma tu, mvumo mtupu uliotambaa juu ya mawe na kuingia ziwani, ukiendelea na kuendelea, wakati gurudumu la nyuma la kulia lilipozama ndani ya ufa na gari likaanza kupanda.